Ubuyu: fedha imo kwenye unga, si kwenye gunia

MFANYABIASHARA anayenunua mabuyu mazima Dodoma au Singida na kuyapakia kwenye lori hadi Dar es Salaam analipa nauli ya maganda. Unga mweupe ulio ndani ya tunda, ambao ndio unaotafutwa, ni chini ya sehemu moja ya tano ya uzito wote. Kinachobaki ni ganda gumu, mbegu na nyuzi. Kwa maneno mengine, tani tano za mabuyu hazifikishi sokoni hata tani moja ya unga.

Hesabu hiyo wengi hawaipigi, ilhali bidhaa yenyewe imekwisha kupanda hadhi. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga mkavu wa ubuyu utumike kama kiambato cha chakula, na mwaka 2009 Marekani nayo ikafungua mlango. Kabla ya hapo Ulaya iliuhesabu kuwa chakula kipya kisichoweza kuuzwa bila kibali. Mpya kwao, bila shaka. Wagogo wameutia kwenye uji, na majani ya mbuyu wameyapika mlenda, tangu enzi za mababu.

Kinachovuta wanunuzi hao ni lishe. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50 za vitamini C. Vipimo vya unga wa ubuyu vinatofautiana sana kati ya eneo na eneo, lakini vingi huanguka kati ya miligramu 150 na 500 kwa uzito huo huo. Unga huo pia una kalsiamu kuliko maziwa, na nyuzinyuzi kwa wingi. Kwa kuwa tunda hukaukia mtini, halihitaji jokofu wala tanuri la kukaushia, faida ambayo mwenye biashara ya maembe angeitamani.

Hata hivyo, vitamini C haipatani na moto. Ubuyu mwekundu wa vifuko unaopendwa na watoto wa shule huchanganywa na sukari na rangi vilivyochemshwa. Ni peremende nzuri na ina soko lake la uhakika, lakini anayeiuza kwa sifa ya vitamini anauza jina tu. Hali kadhalika juisi iliyochemshwa muda mrefu. Anayelenga mnunuzi wa lishe hana budi kutwanga taratibu, kuchekecha na kufungasha unga ukiwa mbichi.

Adui wa pili ni unyevu. Unga huu hunyonya maji ya hewani upesi, ukashikana mabonge na kubadilika rangi. Mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa uzi hautoshi, hasa katika joto la Pwani. Mabuyu yaliyopasuka yatengwe mapema, maana ukungu na wadudu hupitia humo humo, na tunda moja bovu huharibu unga wa debe zima.

Upande wa dawa unahitaji tahadhari zaidi. Vijijini maji ya ubuyu hupewa wenye homa na wanaoharisha, na hakuna anayekataza. Lakini kuandika kwenye lebo kwamba bidhaa inatibu kisukari au shinikizo la damu ni kuiondoa kwenye kundi la chakula. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Anayetaka kuuza dawa za asili ana njia yake nyingine, chini ya sheria ya mwaka 2002. Vibali vya Ulaya na Marekani navyo ni vya chakula tu. Mstari mmoja wa kujisifu unaweza kuzuia shehena nzima.

Mwenye mtaji mdogo basi ana sababu ya kuweka kinu, chekeche na mizani kijijini, akasafirisha unga peke yake. Mbegu asizitupe: hukamuliwa mafuta yanayonunuliwa na watengenezaji wa vipodozi. Maganda ni kuni.

Jambo moja fedha haiwezi kuliharakisha. Mbuyu uliooteshwa kwa mbegu mara nyingi hupita miaka kumi kabla ya kuzaa, na mingi ya inayovunwa leo hakuna anayejua nani aliipanda. Imo mashambani mwa watu. Kabla ya kufunga mkataba na dalali, mnunuzi aulize mwenye shamba analipwa kiasi gani, kwani huyo ndiye mwenye shoka.