Fahamu: Njia ya mapumziko ikipangwa kupita mtaani kwako

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, na mji unaokua unahitaji mahali pa kutembea na kukimbia. Lakini njia ya mapumziko ikitajwa, maswali huanza: itameza shamba la nani, ng'ombe watapita wapi, vibaka je?

Hofu hizo ni za haki.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka anayetwaliwa eneo lake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Thamani ya soko ni sehemu moja tu. Kanuni za fidia za 2001 zinahesabu pia posho ya usumbufu, makazi, usafiri na faida inayopotea. Mwenye duka asiisahau hiyo ya mwisho.

Kuhusu usalama, Msitu wa Karura jijini Nairobi unafundisha mengi. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alishambuliwa hapo akipinga ugawaji wa ardhi ya msitu, na kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Jumuiya ya Friends of Karura ilipoundwa mwaka 2009, uzio wa umeme ukawekwa na walinzi wakaajiriwa. Leo familia hutembea na kuendesha baiskeli humo, ila kwa kiingilio. Mkazi wa Bariadi aulize mapema: ya kwetu itakuwa bure?

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Omba ramani, tazama vivuko vya mifugo kuelekea malamboni, na usisaini fomu ya uthamini usiyoielewa.