Sigara ina onyo, simu ya mtoto je?

UKINUNUA pakiti ya sigara katika duka lolote pale sokoni Matinyani, Kitui Magharibi, utaona picha ya kuogofya na maandishi ya Kiswahili yanayokuambia waziwazi kwamba unachovuta kitakudhuru. Ukinunua chupa ya bia utasoma kwamba haifai kuuziwa mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Lakini simu iliyotumwa na mzazi kutoka Nairobi kwa matatu ya jioni, ikiwa na TikTok, Instagram na Facebook ndani yake, humfikia mtoto wa miaka 13 bila neno hata moja la tahadhari.

Mimi si bingwa wa magonjwa ya akili. Ni daktari wa kawaida mwenye zahanati, na kazi yangu ya kila siku ni malaria, shinikizo la damu, kisukari na migongo ya akina mama waliochoka kubeba mitungi ya maji. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nimezoea kundi jingine la wagonjwa ambalo huja kwa misimu. Hawa ni wanafunzi. Huja mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba wakilalamika kuhusu kichwa kuuma, macho kuwasha, moyo kwenda mbio na uchovu usioisha. Damu ikipimwa hakuna malaria. Mzazi husisitiza mtoto apimwe homa ya matumbo, nayo pia haipatikani. Nikiuliza, "Jana ulilala saa ngapi?" mtoto hutazama sakafu.

Mafuriko ya likizo

Sababu ya misimu hiyo si siri. Shule zetu za bweni haziruhusu simu. Mtoto hukaa karibu miezi mitatu bila kuigusa, halafu likizo ikifika huipata usiku na mchana. Wenyeji wa Ukambani wanaijua mito yetu ya mchanga, ambayo hukauka hadi watu wakachimba visima ndani yake, kisha mvua ikinyesha milimani hufurika kwa saa moja na kumsomba ng'ombe aliyekuwa akinywa. Simu ya likizo huja namna hiyo.

Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10 kila usiku. Katika umri huo saa ya mwili wenyewe husogea mbele, naye hupata usingizi akiwa amechelewa kuliko alipokuwa mdogo. Mwanga wa kioo cha simu huongeza ucheleweshaji huo kwa kupunguza homoni ya melatonini, ile ambayo ubongo huitoa gizani ili kuuambia mwili kwamba ni wakati wa kupumzika. Ongeza hapo video ambazo hazina mwisho. Gazeti hili lina ukurasa wa mwisho, na hata redio ya nyanya hufunga vipindi. Programu hizi hazifungi. Huhesabu ni video gani uliyoitazama kwa muda mrefu zaidi, kisha hukuletea nyingine inayofanana nayo, na nyingine tena, hadi saa nane za usiku.

Ubongo wa mtu mzima una breki za kukataa, ijapokuwa wengi wetu hatuzitumii. Sehemu ya mbele ya ubongo inayotuliza tamaa na kupima matokeo hukomaa mtu akiwa amepita miaka 20. Kumwambia mtoto wa shule "jizuie" mbele ya chombo kilichotengenezwa na wahandisi hodari ili asijizuie ni kumwonea.

Nyanya asiye na silaha

Desemba moja, mama mzee alimleta mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili ambaye wazazi wake wanafanya kazi Nairobi. "Daktari mwanangu," aliniambia, "huyu mtoto amekonda na hataki hata muthokoi." Nilimpima nikakuta hana ugonjwa wa tumbo wala minyoo. Alikuwa amepungua uzito, hedhi imekatika, na halali. Tulipobaki yeye, mimi na muuguzi, alitufungulia simu yake. Alikuwa ametafuta mara moja tu namna ya kupunguza kiuno. Tangu siku hiyo, kila alipofungua simu aliletewa wasichana wembamba, mlo wa kujinyima, na wenzake wakijilinganisha mapaja. Mitandao haikuwa imemwuliza umri kwa dhati, naye alikuwa ameandika mwaka wa uongo.

Ni neno la nyanya lililonifanya nichukue kalamu leo. Nilipomweleza kilichokuwa kikiendelea alisema, "Mimi nilidhani anasoma. Mama yake alinipigia akaniambia simu ni ya masomo. Kama ingekuwa imeandikwa ni hatari, ningeificha siku ya kwanza."

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnaishi mijini na mna mtoto, mpwa au ndugu mdogo anayelelewa mashambani. Mnaponunua simu kwa upendo, mnamwachia mzee kazi ya ulinzi bila kumpa silaha. Mzee huyo anajua kulinda. Anajua asubuhi mtoto akinuka pombe. Simu haina harufu, maandishi yake ni ya Kiingereza, na imetoka kwa mwenye kulipa karo. Atamnyang'anya mtoto kwa mamlaka gani?

Wanasayansi wanasema nini

Mnamo Juni 2024, Dkt Vivek Murthy, wakati huo akiwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, aliliomba bunge la nchi yake litunge sheria ya kuweka onyo la afya kwenye mitandao ya kijamii, kama lile la sigara. Mwaka mmoja kabla ya hapo ofisi yake ilikuwa imetoa tahadhari kwamba vijana wanaotumia mitandao kwa zaidi ya saa 3 kwa siku wana uwezekano maradufu wa kuwa na dalili za sonona na wasiwasi.

Sina budi kuwa mkweli hapa. "Uwezekano maradufu" si sawa na kusema mitandao ndiyo iliyosababisha. Huenda mtoto mwenye huzuni ndiye anayekimbilia simu. Mnamo Desemba 2023, Taasisi za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia utafiti uliokuwapo na kusema kwamba haukutosha kuthibitisha kuwa mitandao imebadilisha afya ya vijana wote kwa jumla. Ushahidi dhidi ya sigara ulikuwa mzito zaidi kuliko huu wakati Marekani ilipoanza kuandika onyo kwenye pakiti mwaka 1966. Atakayekuambia kwamba jambo hili limekwisha kujulikana lote anakuuzia kitu.

Hata hivyo, kampuni zenyewe zilikuwa na habari. Mwaka 2021, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alifichua nyaraka za ndani. Mojawapo ilionyesha kwamba, miongoni mwa wasichana wabalehe waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia hali hiyo. Daktari akiwa na dawa inayowadhuru wasichana 32 kati ya 100 walio tayari wagonjwa, hangeruhusiwa kuitoa bila maandishi kwenye boksi.

Na sisi Wakenya tuna ushahidi wetu wa karibu. Hapa Nairobi, vijana walioajiriwa kuchuja picha na video za Facebook kupitia kampuni ya Sama waliishtaki kampuni ya Meta pamoja na mwajiri wao. Mnamo Desemba 2024 ilibainika kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na Dkt Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na kukutwa na maradhi ya akili yanayotokana na mshtuko. Hao walikuwa watu wazima, na wakilipwa kutazama. Kweli, walitazama mabaya kupindukia ambayo mengi huondolewa kabla ya kutufikia. Lakini hakuna mchujo usiopitisha makapi.

Somo la sigara

Wapo wanaocheka wakisikia habari ya onyo. Husema wavutaji wanaisoma pakiti na kuvuta vilevile. Nami nina wagonjwa wa namna hiyo. Onyo peke yake ni dawa hafifu, na maandishi madogo ya Kiingereza yasiyosomwa na mtu si dawa kabisa.

Tazama hata hivyo jinsi Kenya ilivyofanya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilitaka onyo liwe kwa Kiingereza na Kiswahili, nayo ikataja ukubwa wake: angalau asilimia 30 ya upande wa mbele wa pakiti na asilimia 50 ya upande wa nyuma. Sheria hiyo hiyo ilikataza kuwauzia watoto na ikabana matangazo. Kanuni za mwaka 2014 zikaleta picha. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo kutoka mahakama moja hadi nyingine, mpaka Mahakama ya Juu ilipokataa rufaa yake mwaka 2019. Biashara haitumii miaka na mawakili kupigana na kitu kisicho na makali.

Kwa upande wa mitandao, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya onyo mwaka 2025, iliyopangiwa kuanza Julai 1, 2026. California ilifuata Oktoba 2025, na sheria yake imepangiwa kuanza 2027. Ya California inanivutia kwa sababu inafikiri kama daktari anayepanga dozi. Kijana ataona onyo kwa sekunde 10 anapofungua mtandao kwa mara ya kwanza siku hiyo, na akitimiza saa 3 litarudi kwa sekunde 30 bila yeye kuweza kuliruka. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 10, 2025, walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa.

Kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo ya kuwalinda watoto mitandaoni mnamo Aprili 2025, ikiwataka wenye huduma hizo wawe na njia za kuthibitisha umri. Ni hatua njema, lakini mwongozo si onyo, na nyanya wa Matinyani hatausoma. Nchi ambayo ripoti ya Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford iliiweka mbele ya nyingine zote ilizochunguza mwaka 2023 kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa, haipaswi kungoja California.

Onyo ninaloliomba liwe la Kiswahili, kwa herufi kubwa, na lisomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, ikiwezekana kwa Kikamba na lugha nyingine za nyumbani. Litokee mtandao unapofunguliwa na lirudi saa za usiku. Liandikwe pia kwenye boksi la simu. Tangu Oktoba 2023 simu za bei nafuu zinaunganishwa papo hapo Athi River, mwendo mfupi kutoka hapa, na kuchapisha maneno machache kwenye kasha hakuhitaji ndege kutoka ng'ambo.

Hadi sheria itakapokuja

Mzazi, usingoje bunge. Unapotuma simu, mpigie mzee anayemlea mtoto na umwambie, mtoto akisikia, kwamba yeye ndiye mwenye simu hiyo. Ikifika saa tatu usiku ichajiwe chumbani mwa mzee, na mtoto apewe saa ya mezani ya kumwamsha. Usimnyang'anye mtoto simu kwa ghafla na kwa kipigo, kwani atajifunza kuificha tu. Muulize anatazama nini, kisha utazame pamoja naye.

Mlete kwa daktari akipungua uzito, akijitenga na wenzake kwa zaidi ya wiki mbili, akianza kuanguka masomo bila sababu, au akiwa na majeraha asiyotaka kuyaeleza. Akisema hataki kuishi, usimkemee wala usimwachie peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Simu ya Childline Kenya, nambari 116, hupigwa bila malipo mchana na usiku, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.