Gugu la chunguni na jirani yake wa udongoni

Kwa wenye vitalu vya maua Uingereza, Marchantia polymorpha ni gugu. Hutambaa bapa juu ya udongo wa chungu, halina mizizi ya kweli, halichanui wala halizai mbegu, na kila ukimwagilia maua unalistawisha. Ndani ya udongo wenyewe huishi bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambao hakuna anayewahangaikia.

Mtu akiulizwa nani kati ya hao ana maumbile tata zaidi, atautaja mmea papo hapo. Mimi ningesita. Mwaka 2002 ilichapishwa DNA yote ya Streptomyces coelicolor: herufi milioni 8.7 hivi, jeni 7,825. Ya Marchantia ilipotoka mwaka 2017, herufi zilizidi milioni 220, lakini jeni zilikuwa kama 19,000 tu. Herufi mara 25, jeni hazifiki hata mara tatu! Bakteria hana anasa ya kurasa tupu.

Wala hakai seli moja moja kama bakteria wengi. Huota nyuzi zenye matawi, hata wataalamu wa zamani wakamhesabu kuwa kuvu. Chakula kikipungua, nyuzi za chini hufa zikilisha mpya zinazoinuka hewani, na hizo hukatika ncha kuwa spora. Wakati huohuo hutoa sumu, inadhaniwa ni kuwafukuza majirani wanaonyemelea mabaki. Sumu ya ndugu yake, S. griseus, ndiyo streptomycin, antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. Albert Schatz aliipata mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, Chuo cha Rutgers, Marekani. Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake, jambo ambalo kwangu halikuwa haki.

Katika kusambaa, Marchantia hutegemea maji. Mgongoni ina vikombe vyenye vichipukizi. Tone la mvua likitua humo, huvirusha pembeni, na kila kimoja huota nakala ya mzazi. Hata manii ya mmea dume huogelea kuufikia mmea jike.

Streptomyces yeye huita wachukuzi. Ile harufu ya udongo baada ya mvua hutokana kwa sehemu kubwa na geosmini anayoitengeneza, na mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba huwavuta kolembola, vijidudu virukavyo vya udongoni. Humla, kisha huondoka na spora zake mwilini na kuziacha kwenye kinyesi.