Dawa ya Meno ni ya Meno

"Fundi, dawa ya meno ipi inafaa, ile nyeupe au ile ya rangi?"

Nimeulizwa swali hili hadi nalisikia likija kabla mtu hajatua mfuko wake mezani kwangu. Safari hii aliyeuliza ni muuguzi wa zahanati, mtu ninayemheshimu, na ndiyo sababu nimeona niandike badala ya kuendelea kumjibu mmoja mmoja. Mdogo wake anayeishi Marekani alikuja likizo na kisanduku cha msimu wa kwanza wa Scrubs, vichekesho vya hospitali vilivyoanza kuonyeshwa huko Oktoba 2001. Alimchagulia zawadi hiyo kwa ajili ya kazi yake. Ni habari za madaktari wanagenzi wanaoingia wodini na vyeti mkononi na hofu tumboni, wakawakuta wauguzi wanaoijua kazi kuliko wao. Diski 3, sehemu 24, mali halisi, nailoni bado iko juu.

Aliifungua pale Machochwe, akaitia diski kwenye deki. Deki ikaizungusha, ikanung'unika, ikaitema. Shemeji yake akasema imekwaruzika safarini. Wakaisugua kwa dawa ya meno. Ikakataa. Wakaisugua tena, safari hii kwa nguvu. Iliponifikia, diski ya kwanza ilikuwa na ukungu kama kioo cha gari lililofuata lori kiangazi kizima, na bado ilinukia mnanaa.

Nikamuuliza: "Sista, deki iliandika nini kwenye televisheni?"

Akafikiri. Kulikuwa na maneno, akasema, halafu yakapotea.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Huyu ni mtu ambaye kila siku anamkatalia mgonjwa anayetaka dawa ya malaria kabla ya kuchomwa kidole na kupimwa. Anajua homa si ugonjwa mmoja. Lakini diski ikigoma, sote tunarukia jibu moja, mkwaruzo, na tiba moja, dawa ya meno. Hakuna anayepima. Na kipimo kilikuwa kimeshatoka, bure, kwa herufi kubwa. Nilipoirudisha diski ileile kwenye deki ileile nikayaona maneno: REGION ERROR. Diski haikuwa na mkwaruzo hata mmoja siku ilipofunguliwa. Ilikuwa na namba 1.

Geuza kisanduku cha DVD halisi, utaona nyuma yake picha ndogo ya dunia na namba ndani yake. DVD zilipoingia sokoni, Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka uliofuata, studio za filamu ziliigawa dunia mafungu, ili filamu ambayo bado inaonyeshwa kwenye sinema za nchi moja isifike majumbani kwa diski kutoka nchi nyingine. Marekani na Kanada wakapewa 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini wakapewa 2. Sisi Tanzania, pamoja na Kenya, Uganda, Kongo na sehemu kubwa ya Afrika, tukawekwa 5 na India na Urusi. Kwa hiyo diski aliyoinunua shangazi yako Muscat ni ya fungu moja na ya London, wala si ya Dar es Salaam, na ile iliyotoka Mumbai ni ndugu yetu kabisa. Deki iliyofungwa kwenye 5 ikiona 1 inafunga mlango. Haijalishi diski inang'aa kiasi gani.

Zile diski zenye filamu 20 kwa mpigo, zinazopangwa chini kwenye turubai siku ya mnada, hazina namba. Aliyezinakili hakuona haja ya kuiweka. Zinacheza popote, na watu wakatoa hukumu kwamba feki ni imara na halisi ni dhaifu. Kijana mmoja aliniambia hivyo kwa uhakika mkubwa, eti Wazungu wanatengeneza vitu laini. Nikamjibu: mura, mlinzi akikukatalia getini kwa kuwa huna kitambulisho, huendi kuoga ukadhani atakufungulia. Wala stempu ya TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye diski zetu mwaka 2013, haihusiani na hili. Inakuambia kodi imelipwa. Haikuambii deki yako itaisoma.

Sasa tuje kwenye dawa ya meno yenyewe, maana najua wengi mmeshasema moyoni, "lakini ya kwangu ilipona."

DVD ina unene wa milimita 1.2, lakini si kipande kimoja. Ni vipande viwili vya plastiki iitwayo polikaboneti, kila kimoja milimita 0.6, vimegandishwa kama chapati mbili, na maandishi yako katikati. Leza nyekundu ya deki haisomi uso unaousugua wewe. Inapita ndani yake. Pale inapoingia kwenye plastiki, mwanga wake umetanuka karibu nusu milimita. Unapofika kwenye maandishi umekusanyika hadi kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndiyo maana mkwaruzo mwembamba kama unywele hauiui diski: unaziba sehemu ndogo ya mwanga, na mwingine unapita pembeni. Waliobuni DVD waliongeza na kinga ya pili. Maandishi yameandikwa pamoja na hesabu za kuyakagua, ili kipande kikipotea, hadi milimita 6 hivi za mstari, deki ikijaze yenyewe bila wewe kujua.

Kwa maneno mengine, diski ilitengenezwa ikijua itakwaruzika. Haikutengenezwa ikijua itasuguliwa.

Ndani ya dawa ya meno kuna chembe za chokaa au silika, zilizowekwa makusudi zikwangue uchafu kwenye jino. Jino linastahimili kwa sababu enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Polikaboneti ni tofauti. Ukiigonga ni shupavu, lakini ukiikwangua ni laini, hata vumbi la barabara ya Mugumu linaichora. Unapoisugua kwa dawa ya meno huondoi mkwaruzo, unapanda maelfu mengine madogo yasiyoonekana moja moja. Yote kwa pamoja ndiyo ule ukungu. Mwanga wa leza ukifika hapo unatawanyika, na hakuna upande ulio salama wa kupitia. Mkwaruzo ni unywele ulioangukia jichoni. Dawa ya meno inaleta mtoto wa jicho.

Na watu husugua kwa mzunguko, kama wanaosugua sufuria. Maandishi ya diski yanakwenda kwa mzunguko pia, kutoka katikati kuelekea nje. Mkwaruzo unaotoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni unakata kila mstari padogo tu, na zile milimita 6 zinatosha kuusamehe. Mkwaruzo wa mduara unafuatana na mstari uleule, sentimita kwa sentimita, hadi hesabu za kujaza zinaishiwa. Kwa hiyo kati ya mielekeo yote ya kusugua, tumechagua ule mbaya kuliko wote.

Kisanduku kama kile cha Scrubs kinaumia zaidi. Sehemu 24 kwenye diski 3 ni sehemu 8 kwa kila diski, karibu saa 3. Muda huo hauenei vizuri kwenye diski ya kawaida ya gigabaiti 4.7, hivyo visanduku vya tamthilia hutumia diski ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5. Diski ya tabaka moja hurudisha asilimia 45 au zaidi ya mwanga. Ya tabaka mbili hurudisha kati ya 18 na 30. Deki inasoma kwa mwanga hafifu tangu mwanzo. Ukiongeza ukungu juu yake, umeizimia taa.

Basi kwa nini ya kwako ilipona? Mara nyingi ni kwa sababu uliiosha. Diski yenye alama za vidole na mafuta ya maandazi ingepona kwa maji matupu, ila sifa ikachukuliwa na kilichokuwa na povu. Mara nyingine ni kwa sababu wakati unasugua, deki ilikuwa imezimwa, ikapoa, ikaanza upya. Na nitasema ukweli wote: mara chache kulikuwa na mkwaruzo mmoja mpana wa juujuu, dawa ikazilainisha kingo zake, leza ikapita. Mashine za kung'arisha diski hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, kwa chembe laini zaidi na zaidi, kwa maji, kwa shinikizo lililo sawa uso mzima. Kanuni moja, ndiyo. Kisu cha mpasuaji na panga la shambani navyo ni chuma kilekile.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Dawa ikikauka kwenye tundu la katikati, inapukutika ndani diski ikishika kasi, na inatua kwenye lenzi. Nimefungua deki nikakuta unga mweupe juu ya jicho lake. Hapo diski moja iliyougua imeambukiza zote zitakazofuata, nazo zitasuguliwa zamu kwa zamu. Nimepokea mifuko mizima ya vichekesho vya King Majuto vilivyokufa kwa mtindo huo, vingine vikiwa ndiyo nakala pekee mwenye kibanda umiza aliyokuwa nayo. Mzee yule alifariki mwaka 2018, na kwangu kila diski yake iliyosagwa namna hiyo ni msiba mdogo.

Ndizi, mafuta ya mgando na mafuta ya kupikia huziba mkwaruzo kwa siku mbili, kisha hukusanya vumbi. Petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha huishambulia plastiki yenyewe ikapasuka nyufa, na hapo hakuna fundi. Diski zilizochomwa kwenye kompyuta zina rangi ndani yake inayofifia kwa jua. Ukiziacha dirishani chini ya bati, hakuna cha kupaka nje kitakachorudisha rangi ya ndani. Na CD ya muziki, ambayo si DVD, maandishi yake yako juu, chini kidogo tu ya karatasi au chapa yenye jina la msanii. Ikichubuka upande huo ukaona tundu linapitisha mwanga wa taa, imekwisha, na wewe unayeisugua chini unamkanda mgonjwa mguu usiouma.

Haya ya kufanya nayasema haraka kwa sababu ni machache. Soma kilichoandikwa kwenye televisheni kabla ya kitu kingine chochote, na kama kinapita upesi, kipige picha kwa simu. Tia diski nyingine unayojua ni nzima: ikigoma nayo, mgonjwa ni deki, na lenzi hufutwa kwa pamba na tone la spiriti, taratibu, umeme ukiwa umechomolewa. Ikicheza, angalia namba nyuma ya kisanduku. Namba ikiwa tofauti, tafuta deki isiyofungwa, na nyingi za Kichina zinazouzwa kwetu hazijafungwa au zina menyu iliyofichwa ambayo fundi anaijua kwa rimoti. Ukitumia kompyuta uwe mwangalifu, maana kiendeshi chake kinakuruhusu kubadili namba mara 5 tu, kisha kinaganda kwenye ya mwisho maisha yote. Usimpe mtoto abofye. Picha ikija nyeusi na nyeupe au inapanda juu bila kutulia, mlango umeshafunguka na tatizo ni mfumo: diski za Marekani zina mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde, televisheni zetu za zamani zinataka 625 na 25. Tafuta PAL kwenye rimoti ya deki. Kama kisanduku kimeandikwa Blu-ray, deki ya DVD haitaisoma kamwe, inahitaji leza ya rangi nyingine. Na kama diski kweli ni chafu, maji safi, tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini cha pamba, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, iache ikauke kivulini. Mkwaruzo wa kweli uliobaki baada ya hapo, peleka kwa mwenye mashine au uache kama ulivyo. Nasisitiza, uache. Diski inayoganda sehemu moja ina thamani kuliko inayoganda zote.

Deki ya yule muuguzi ilikuwa na menyu iliyofichwa. Kuibadili namba hakukuzidi dakika mbili. Diski ya pili na ya tatu zilicheza palepale mezani kwangu, na alicheka kwa sauti alipomwona nesi wa huko akimkemea daktari kijana. Ya kwanza, ile waliyoisugua, inaganda mapema kabisa, kwenye sehemu ya kwanza, siku ile madaktari wapya wanapoingia wodini. Nimeiosha mara mbili. Nimeijaribu kwenye deki tatu. Amemwandikia mdogo wake amsimulie inaanzaje.