Matairi ya Theluji katika Barabara za Makete

Magari mengi madogo yanayonunuliwa na wakazi wa Wilaya ya Makete hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Baadhi yake hufika yakiwa na matairi yenye kashata nene, mpira laini na mistari midogo mingi iliyo kama imechanjwa kwa wembe. Muuzaji huyasifu kuwa bado ni mazima na kwamba yalitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Mnunuzi anayetoka katika wilaya yenye ukungu na baridi kali huipokea sifa hiyo kwa furaha. Sifa yenyewe ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuyaondoa matairi hayo.

Mpira hubadilika kulingana na joto. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, nao ukikakamaa haushiki barabara vizuri. Katika maeneo ya kaskazini mwa Japani, kama vile Hokkaido, theluji hulala barabarani kwa miezi kadhaa. Wenye magari huko huwa na seti mbili za matairi: moja ya majira ya theluji, nyingine ya miezi iliyobaki. Tairi la theluji limechanganywa kwa namna ambayo mpira wake hubaki laini hata maji yanapoganda, na ile mistari ya wembe huipa kashata kingo nyingi za kung’ata theluji na barafu.

Makete ina baridi, lakini haina theluji barabarani. Katika uwanda wa Kitulo umande huganda alfajiri za Juni na Julai. Hata hivyo jua likishapanda, uso wa lami hupata joto lililo mbali juu ya nyuzi 7. Isitoshe, magari ya wilaya hii hayabaki milimani. Gari linaloondoka Matamba asubuhi kwenye baridi hushuka ile barabara maarufu ya kona 57 na kufika Chimala, kwenye joto la bonde la Usangu, siku hiyohiyo. Ni katika safari ya aina hiyo, breki zikikanyagwa kona baada ya kona, ndipo tairi la theluji huonyesha udhaifu wake.

Mpira wake huwa laini kupita kiasi. Kashata zilizokatwakatwa hupinda na kuyumba breki inapokanyagwa, na gari husogea mbele zaidi kabla ya kusimama kuliko lingesogea kwa tairi la kawaida. Hali huwa hivyo kwenye lami kavu, na pia kwenye lami yenye maji ya mvua. Usukani nao huchelewa kuitika. Tairi hulika upesi, na gari likiwa na mzigo mzito tairi hupata joto jingi zaidi. Joto, mzigo na upepo mdogo vikikutana ni miongoni mwa sababu kuu za tairi kupasuka. Abiria aliyeketi kiti cha nyuma hana namna ya kuyajua haya.

Kulitambua tairi la namna hiyo si kazi ngumu. Mengi yanayotoka Japani huandikwa ubavuni neno STUDLESS au SNOW. Mengine huwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa huonekana pia kwenye matairi ya misimu yote na ya njia mbaya. Mnunuzi atazame maandishi pamoja na ile mistari ya wembe. Unene wa kashata usimdanganye: tairi la theluji huanza maisha yake likiwa na kashata ndefu, na Japani huhesabiwa kuwa halifai tena kwa theluji likilika nusu. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoonekana sokoni kama tairi zima.

Kwa gari dogo linalotumia zaidi lami kati ya Makete na Njombe, tairi la kawaida la barabarani linatosha. Tairi la misimu yote, lililobuniwa kwa nchi ambazo baridi yake si kali sana, nalo halina ubaya, ila mkazi asilipie fedha za ziada kwa ajili ya uwezo wa theluji asiouhitaji.

Suala la tairi la njia mbaya, lile linaloandikwa A/T, linahitaji kupimwa zaidi. Kashata zake ni kubwa na zimeachana, na nyingi kati ya tairi hizi zina mbavu ngumu zaidi zinazostahimili mawe makali. Pikapu inayoingia mashambani kuchukua viazi au mbao kila wiki, kwa barabara za udongo na changarawe zilizo chini ya TARURA, hufaidika nalo kweli. Lakini gari linaloingia njia hizo mara mbili kwa mwaka, kwenye msiba na sikukuu, hubeba gharama bila faida: tairi ni zito, lina kelele, huongeza matumizi ya mafuta, na kwa kawaida halishiki lami yenye maji vizuri kama tairi la barabarani. Tena si tairi la tope. Udongo wa mfinyanzi ukishajaa katikati ya kashata zake, tairi huwa kama kipara, na dereva aliyeteremka mlima kwa kulitegemea hujikuta mtaroni pamoja na wenzake.

Aina ikishachaguliwa, zimebaki tarakimu za ubavuni, ambazo wanunuzi wengi huzipita. Katika maandishi 195/65R15 91H, namba 91 ina maana kwamba tairi moja hubeba kilo 615, yaani manne hubeba kilo 2,460. Gari aina ya Noah lenye uzito wa kilo 1,600 likiwa tupu, likapakia watu wanane wa kilo 70 kila mmoja, hubakiwa na kilo 300 tu. Hayo ni magunia matatu ya kilo 100, na kwa kuwa magunia hukaa nyuma, matairi ya nyuma hufikia kikomo kabla ya hapo. Mwenye kulifanya gari la familia kuwa gari la mizigo anapaswa kuihesabu namba hii kwanza. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, wakati Q, inayoonekana kwenye matairi mengi ya theluji, ni 160.

Mwisho wa mfululizo mwingine wa herufi na namba kuna tarakimu nne za umri. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama kashata zake ni nene, kwani mpira huzeeka na kupasuka nyufa. Tairi la theluji lililozeeka huwa limepoteza hata ule ulaini uliokuwa sifa yake.

Ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko kilicho ubavuni mwa mlango wa dereva au kwenye nguzo yake. Upepo upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, maana tairi lililopata joto hutoa kipimo cha juu kuliko hali yake halisi.

Asiyemudu matairi manne kwa mara moja anaweza kuanza na mawili ya aina moja, yafungwe nyuma ili gari lisigeuke kwenye kona yenye utelezi, kisha aendeshe kwa mwendo mdogo hadi apate mengine mawili. Yale yaliyotolewa yasiuzwe kwa mwenye gari mwingine. Mkokoteni wa ng’ombe utayatumia kwa miaka mingi.