Simu ya bibi: Panga vitufe kabla mtoto hajaugua

MSIMU wa korosho ukifika, familia nyingi za Masasi na Newala hugawanyika. Baba yuko shambani akiokota, au anasubiri zamu ya kupima kwenye ghala la chama cha msingi. Mama amebaki Masasi mjini na biashara yake. Watoto wadogo wamepelekwa juu Newala kwa bibi yao. Kinachowaunganisha wote ni kitochi kimoja kinachokaa dirishani kwa bibi.

Sasa fikiria ni saa nane usiku. Mtoto wa miaka mitatu anachemka homa na anatapika. Bibi hajui kusoma, na macho yake hayaoni vizuri. Anachukua simu na kubonyeza kitufe cha kijani mara mbili ili ipige namba ya mwisho, akiamini ni ya binti yake. Kumbe ni ya fundi wa bati aliyezungumza naye jana. Anajaribu tena. Safari hii kidole kinakaa muda mrefu kwenye kitufe cha 1, na sauti asiyoifahamu inamweleza mambo asiyoyaelewa. Salio linaisha. Binti yake, aliyelala Masasi na simu ikiwa wazi pembeni ya mto, hajui lolote hadi asubuhi.

Tatizo hapo si simu ya bei ndogo. Kitochi hicho hicho kingeweza kumfikia mama kwa kushikilia kitufe kimoja, laiti kingepangwa mapema. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, na mzazi anaweza kuifanya siku anayokwenda kumsalimia bibi.

Kwa nini kitufe cha 1 kina "mtu" ndani yake

Kwenye simu nyingi, kitochi au simu janja, kushikilia kitufe cha 1 kwa sekunde moja au mbili hupiga sanduku la sauti. Hii ni huduma ya mtandao inayopokea simu badala yako usipopatikana au usipopokea. Mpigaji anasikia mlio, anaacha maneno yake, nawe unayasikiliza baadaye.

Kwetu huduma hii haina wateja wengi. Watu wamezoea kubipu, na tangu WhatsApp ilipoanza kutuma sauti mwaka 2013, mwenye bando hurekodi huko. Lakini bipu inakuambia tu kwamba fulani amepiga. Haikuambii kama anataka salamu au mtoto ameanguka mti. Sauti ya WhatsApp nayo inahitaji bando na simu janja pande zote mbili, na bibi wa kitochi hana.

Ndiyo maana sanduku la sauti linaweza kumfaa mzazi anayeshinda shambani kusiko na mtandao, au anayeacha simu dukani ikichajiwa. Akirudi mahali penye mtandao, anashikilia 1 na kusikia maneno yote ya bibi.

Jinsi ya kuliweka

Kwanza piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako. Uliza mambo matatu: je, laini yako ina sanduku la sauti, namba yake ni ipi, na kusikiliza kunagharimu kiasi gani. Usichukue namba ya jirani aliye mtandao mwingine, kwa sababu kila mtandao una yake.

Kwenye simu ya Android, fungua programu ya kupigia, gusa nukta tatu, ingia Mipangilio, kisha Ujumbe wa sauti. Menyu ikiwa ya Kiingereza, tafuta neno voicemail. Andika namba uliyopewa na uihifadhi. Kwenye kitochi, ingia kwenye menyu ya ujumbe au ya mipangilio ya simu. Vingi hukuomba namba hiyo vyenyewe mara ya kwanza unaposhikilia 1. Baada ya hapo 1 ndiyo njia yako ya mkato.

Ukishaingia, rekodi salamu fupi kwa sauti yako mwenyewe: "Huyu ni mama Fulani, sijaweza kupokea. Sema jina lako na shida yako, nitakupigia." Bibi akisikia sauti ya binti yake, hatadhani amekosea namba. Weka pia namba ya siri, isiwe 1234 wala mwaka wako wa kuzaliwa.

Jambo moja la kuzingatia: sanduku likipokea, kwa mtandao simu imepokelewa, na kwa kawaida mpigaji huanza kukatwa salio. Kwa hiyo lipe muda. Mwambie mhudumu wa 100 akuwekee simu iite hadi sekunde 30 kabla ya kwenda kwenye sanduku. Mtu aliyelala anahitaji sekunde hizo ili aamke.

Kwa bibi, lizime

Kilicho kizuri kwenye simu ya mama kinaweza kuwa usumbufu kwenye simu ya bibi. Asiyesikiliza sanduku lake hana haja nalo. Ujumbe utakaa humo bila kusikilizwa, na aliyeuacha ataamini umefika. Kwenye simu ya bibi, piga ##002# ili kuondoa uhamishaji wote wa simu. Akiwa mbali, simu itaita tu hadi ikatike, na mpigaji atajua ajaribu tena au ampigie jirani.

Kisha panga vitufe vya 2 hadi 9. Kwenye kitochi, ingia kwenye majina au mipangilio na utafute sehemu ya kupiga haraka. Kwa Kiingereza huandikwa speed dial. Chagua kitufe, kisha chagua jina. Mpango mzuri kwa familia nyingi ni huu:

2 – mama wa mtoto.
3 – baba, au mjomba aliye karibu.
4 – jirani mwenye pikipiki, au bodaboda mnayemwamini.
5 – mhudumu wa afya wa kijijini.

Kama bibi ana simu janja, baadhi zina mpango huo huo kwenye vitufe vya kupigia. Zisizo nao, weka picha ya mama kwenye uso wa simu ili ikiguswa ipige moja kwa moja.

Bibi asiyesoma anaweza kuongozwa na vidole. Vitochi vingi vina kinundu kidogo kwenye kitufe cha 5, hivyo hata gizani ataanzia hapo. Kwa kitufe cha 2, dondoshea tone la rangi ya kucha. Likikauka linapapaseka.

Mfanyishe mazoezi

Kumpangia bibi vitufe bila kumfundisha ni kazi bure. Kaa naye kwenye mkeka na uanze na kufungua vitufe vilivyofungwa, maana simu ikiwa imefungwa, kushikilia 2 hakufanyi kitu. Mwache afanye mwenyewe mara tatu. Usimnyang'anye simu mkononi akichelewa. Kisha nenda nje na umwambie, "Mama, nipigie." Simu yako ikiita, mmefaulu. Rudieni jioni taa zikiwa zimezimwa.

Mjukuu mkubwa, hata wa darasa la kwanza, ajifunze pia. Huenda usiku mmoja anayeumwa akawa ni bibi mwenyewe.

Mfundishe pia cha kusema akisikia mlio wa sanduku: yeye ni nani, nani anaumwa, ameanza lini, na wako wapi. Kwa mfano: "Ni mimi mama yako. Mdogo ana homa tangu jioni, anatapika. Tunakwenda zahanati na pikipiki ya jirani." Sekunde kumi na tano zinatosha. Salamu ndefu ziwekwe hadi mtoto apone.

Ujumbe si ruhusa

Hapa ndipo wazazi wengi wanapaswa kusema wazi. Bibi wengi husubiri mama wa mtoto apokee kwanza ndipo waamue. Mwambie kabisa, tena mbele ya baba: "Mtoto akichemka, usinisubiri." Homa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano inatakiwa kupimwa malaria ndani ya saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, ni kuondoka saa hiyo hiyo. Fedha kidogo ya nauli ya pikipiki na salio la dharura viachwe kwa bibi, visiguswe kwa sukari wala mboga.

Namba za bure zikae kwenye karatasi ukutani, juu ya simu. 112 ni ya polisi na dharura. 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. 116 ni ya kumsaidia mtoto anayefanyiwa ukatili. 199 ni ya Wizara ya Afya kwa ushauri.

Tahadhari moja ya mwisho: akipiga mtu asiyefahamika akamwambia bibi abonyeze namba zenye nyota na reli, akate. Kuna namba za aina hiyo zinazohamisha simu zote kwenda kwa tapeli. Vitufe vya simu ya bibi vipangwe na mtoto wake peke yake.

Ukipanda Newala wiki hii na mfuko wa mchele na sabuni, ongeza kazi hiyo ya dakika kumi. Kabla hujashuka Masasi, nenda hadi kituo cha gari, simama, na usubiri bibi ashikilie 2.