Mwani au Bakteria? Mgeni Akaaye Mizizini mwa Mtapo

Mwalimu wa elimuviumbe huko Kabambare, kusini mwa Maniema, hahitaji kwenda mbali kuonyesha maisha ya kufaana baina ya mmea na vijiumbe. Akikata kinundu hai cha mzizi wa karanga, ambazo Kingwana huziita kalanga, ataona wekundu ndani yake. Humo hukaa bakteria wanasao naitrojeni ya hewa na kuigeuza iwe lishe ya mmea.

Mfano wa pili haufahamiki sana, nao ni wa sikadi, mimea izaayo mbegu pasipo kutoa maua. Pwani ya Afrika Mashariki kuna mtapo (Cycas thouarsii). Nchini Kongo kuna Encephalartos marunguensis wa milima ya Marungu, kusini ya Mto Lukuga.

Baadhi ya mizizi ya sikadi haiteremki, bali hupanda kuelekea uso wa ardhi, ikigawanyika vijitawi vifupi vinene mithili ya matumbawe. Mzizi huota kwanza. Mgeni huingia baadaye akitoka udongoni. Ukikatwa, huonekana duara la rangi ya buluu-kijani. Hayo ndiyo makazi ya sianobakteria, aghalabu wa jenasi ya Nostoc.

Kwa sababu ya rangi hiyo, wataalamu wa karne ya 19 waliwahesabu viumbe hawa kuwa mwani, na jina hilo lingali likitumika. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, seli zao hazina kiini, kama zilivyo za bakteria wote. Pili, mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga, ilhali mgeni huyu yumo gizani: sukari hupewa na mmea, naye hulipa kwa naitrojeni. Kazi hiyo hufanyika katika seli maalumu zenye kuta nene zizuiazo oksijeni, kwani oksijeni hukiharibu kimeng'enya kinachohusika. Ndani ya mzizi, seli za namna hiyo ni nyingi kuliko kwa sianobakteria waishio huru.

Hivyo basi, uteuzi wa istilahi si jambo dogo. Mwanafunzi aambiwaye kuwa huyo ni mwani atashangaa aishije bila mwanga. Aambiwaye kuwa ni sianobakteria atamlinganisha mara moja na mkazi wa kinundu cha karanga: rangi mbalimbali, kazi moja.